Baba anataka kipimo cha mkojo, hataki kutolewa kinyama

BARUA

Shikamoo Mama.

Mimi ni kifunguamimba katika familia ya watoto wanne, mwalimu, naishi Majengo, Moshi. Baba yangu ana miaka 71, yuko nyumbani Uru kwenye kihamba pamoja na mama. Alikuwa fundi wa mashine za kukoboa kahawa mpaka alipostaafu, na si mtu wa kulalamika. Desemba tulipopanda wote kwa ajili ya Krismasi ndipo nilipogundua kwamba usiku anaamka mara nne, mara tano. Nililala chumba cha pili, namsikia anafungua mlango wa nyuma, anasimama kwenye migomba muda mrefu, halafu anarudi. Nusu saa haijaisha anatoka tena. Nilipomuuliza alisema ni baridi.

Katikati ya Januari mkojo ulimziba kabisa. Tulimshusha usiku kwa gari la jirani, hospitali wakamwekea mpira, ikatoka karibu lita moja na nusu. Kesho yake wakamchukua damu, kipimo cha tezi dume kiitwacho PSA kikaja 23.4. Daktari alimpima kwa kidole akasema upande mmoja wa tezi dume ni mgumu, akataka achukuliwe kinyama kikapimwe. Mpira ulitolewa baada ya wiki mbili, akapewa vidonge vya tamsulosini vya kulegeza njia ya mkojo, sasa anakojoa ingawa kwa shida. Kinyama alikataa. Alisema kansa ukiigusa kwa chuma inatawanyika, akamtaja rafiki yake wa kiwandani aliyetolewa kinyama akafa mwaka huohuo.

Dada yangu anafanya biashara Arusha, akamchukua akakae kwake. Huko akampeleka kwa watu wenye mashine ya kupima mwili mzima. Unashika fimbo ya chuma mkononi kwa dakika moja, kompyuta inatoa karatasi. Za baba ni kurasa zaidi ya 30, na kuna mstari unaosema umetaboli wa tezi dume, yaani kemia ya seli zake, "umevurugika kiasi". Wakamuuzia kopo la unga na vidonge kwa shilingi 380,000, wakamkataza sukari kabisa kwa kuwa kansa inakula sukari. Baada ya wiki sita dada akampima PSA tena, maabara nyingine hukohuko Arusha, ikaja 16.8. Nyumbani ikawa sherehe.

Mdogo wetu wa mwisho yuko chuo, anasomea famasia. Yeye ile mashine haiamini, lakini amekuja na lake. Anasema wanasayansi wamegundua kwamba kansa ya tezi dume inajulikana kwa kemikali ndogondogo zinazotoka kwenye mkojo, akataja sarkosini, akasema kukata kinyama ni mambo ya zamani, tusubiri kipimo hicho kifike au tutume mkojo nje. Baba amelishika hilo kwa mikono miwili. Kila nikifungua mdomo ananijibu, "Mdogo wako amesoma, amesema kuna kipimo cha mkojo."

Jumapili iliyopita nilishindwa kujizuia. Nilimwambia mbele ya mama na shemeji kwamba kama anataka kufa kwa ukaidi afe, asitutese. Aliinuka akaenda kwa ng'ombe wake, hakurudi mezani. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Mama, niambie ukweli. Kipimo hicho cha mkojo kipo au hakipo? PSA kushuka kuna maana kwamba unga unafanya kazi? Na wapo wanaosema kansa ya wazee inakwenda polepole, tumwache tu. Nimwache?

Kifunguamimba, Majengo


JIBU

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla sijagusa mkojo wala kinyama nina swali: tangu usiku ule mpira ulipowekwa, figo za baba zimepimwa? Hukusema. Mtu aliyebana lita moja na nusu, figo zake zilikuwa zinazidiwa kutoka chini, pengine kwa miezi. Kipimo chake kinaitwa kreatinini. Hiyo ni taka inayotoka kwenye misuli. Figo nzima huisafisha kwenye damu, figo iliyozidiwa huiacha ijikusanye. Hospitali ya wilaya wanaipima. Waombe na altrasaundi baada ya kukojoa, waone mkojo unaobaki kwenye kibofu ni kiasi gani, kwa sababu umesema bado anakojoa kwa shida. Mnagombana juu ya kipimo cha umetaboli cha ng'ambo, na cha umetaboli anachokihitaji wiki hii ndicho hicho. Kama hataki kwenda na wewe, aende na mama yako.

Sasa la mdogo wako. Hajasema uongo, na naomba usimdharau mbele ya wenzake. Nimefanya kazi maabara miaka 31, mingi ya hiyo hapahapa Moshi, na sijaona kiungo chenye kemia ya ajabu kama tezi dume. Seli nyingine za mwili zikipata chakula hukichoma mpaka mwisho ili zipate nguvu. Katikati ya uchomaji huo hutengenezwa sitreti, ndugu wa ile asidi inayolipa limao ukali wake. Mzunguko wote ulielezwa na Hans Krebs mwaka 1937, na sisi tuliokaririshwa chuoni hautoki kichwani mpaka leo. Kwa seli nyingine sitreti inapita tu, inachomwa, basi. Seli ya tezi dume yenye afya haiichomi. Inajaza zinki ndani yake, zinki inakikaba kimeng'enya ambacho kingeendeleza kazi, sitreti inarundikana na kumiminwa kwenye majimaji ya uzazi. Ni kama mama anayepika mbege ya mtaa mzima na mwenyewe haonji. Seli hiyo ikigeuka saratani, zinki inapotea, kabari inatoka, na mpishi anaanza kunywa pombe yake mwenyewe. Sitreti inashuka. Wakati huohuo kolini, ambayo ni malighafi ya kuta za seli, inapanda, maana seli zinazaliana na kila mpya inadai ukuta wake.

Kwa hiyo alama za kikemia zipo, tena za kweli. Mashine ya MRI ikiwekewa utaratibu maalumu inaweza kulinganisha kolini na sitreti ndani ya tezi bila sindano. Watu waliweka matumaini makubwa hapo. Lakini ni kazi ya muda mrefu na ya utaalamu mgumu, na mwongozo wa kimataifa wa kusoma MRI ya tezi dume uliotoka mwaka 2015 uliiacha nje ya vipimo vya kawaida.

Sarkosini nayo ilipata jina mwaka 2009. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliandika kwenye jarida la Nature kwamba imepanda kwenye saratani ya tezi dume, hasa ile iliyosambaa, na kwamba inaonekana hata kwenye mkojo. Nilikuwa bado kazini, na nakumbuka tulivyofurahi: kikopo cha mkojo, hakuna sindano, hakuna kidole, hakuna mzee wa kubembelezwa. Mwaka uliofuata watafiti wa Ujerumani wakapima mkojo wa wagonjwa wao, hawakupata tofauti ya kutegemewa kati ya mwenye saratani na asiye nayo. Zimekuja tafiti nyingine, hizi zinaunga mkono, hizi zinapinga. Daktari anayefuata mwongozo wa tiba leo hawezi kuacha kinyama kwa sababu ya sarkosini. Mwambie mdogo wako nimesema hivyo, na mwambie aendelee kusoma, kwa kuwa siku moja kipimo kama hicho kinaweza kutoka mikononi mwa watu kama yeye. Baba yake hawezi kukisubiri.

Acha nikueleze kwa nini mkojo ni mgumu hivyo. Siku moja sampuli ya mzee mmoja ililetwa kwetu na mjukuu wake, kutoka Rombo, kwenye chupa ndogo ya juisi. Chupa ilisuuzwa, lakini si sana. Imesafiri kwenye daladala tangu asubuhi, imefika saa sita mchana ikiwa ya vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Nilipochovya ule ukanda wa kupimia, kibandiko cha sukari kikageuka rangi kwa nguvu. Mzee hakuwa na kisukari hata kidogo. Tulikuwa tunapima juisi. Na hiyo ni sukari, kitu kinachopimwa kila siku duniani kote! Kemikali zile ndogondogo ni nyepesi kuvurugika kuliko sukari: zinabadilika kwa ulichokula jana, kwa maji uliyokunywa, kwa saa ambazo kikopo kimekaa juani huku vijidudu vikiendelea kula. Tofauti kati ya mgonjwa na mzima ni ndogo, na vurugu zinazozizunguka ni kubwa. Kutuma kikopo nje kwa ndege, kwenda maabara ya utafiti ambayo haitoi majibu ya tiba, kungewalia fedha bure.

Halafu kuna jambo ambalo mdogo wako huenda hajalifikia. Ipo alama ya umetaboli ambayo imeshaingia hospitalini na inatumika. Inaitwa AMACR, kimeng'enya kinachosaidia kuvunja aina fulani ya mafuta, yakiwemo yanayotoka kwenye nyama ya ng'ombe na maziwa. Saratani ya tezi dume kwa kawaida hukitengeneza kwa wingi, seli nzima hukitengeneza kidogo sana. Daktari wa patholojia akiwa na shaka kama kipande alichokiona kwenye darubini ni saratani au la, anaweza kukipaka rangi inayokamata kimeng'enya hicho, na seli mbaya zikajitokeza. Lakini rangi hiyo inapakwa kwenye nini? Kwenye kinyama. Kipimo cha kisasa ambacho baba anakisubiri ili akwepe sindano, hicho kilichokomaa kinaanzia kwenye sindano. Mwambie mdogo wako alipeleke hili kwa baba yeye mwenyewe. Kwake litaingia.

Ile mashine ya fimbo sitaipa maneno mengi. Hakuna umetaboli wa tezi dume unaopita kwenye kiganja cha mkono. Ili usome kemia ya seli lazima upate kitu kilichotoka kwenye seli, damu, mkojo au nyama, au uwe na sumaku kubwa ya MRI. Hizo kurasa 30 ni karatasi, na inaniuma kwamba zimeuzwa kwa bei ya mfuko wa mahindi mara kadhaa kwa mzee aliyekuwa anaogopa. Dada yako msimlaumu. Alikuwa anamtafutia baba yake uzima, na waliomwuzia walimpa alichokuwa anakitafuta, yaani jibu lisilouma.

Sasa namba. Kutoka 23.4 hadi 16.8, je, unga umefanya kazi? Angalia siku damu ya kwanza ilipotoka: kesho yake baada ya mkojo kuziba na mpira kupitishwa. PSA ni protini ya tezi dume ambayo kazi yake ni kuyeyusha shahawa, na tezi ikivimba, ikipata maambukizi au ikikwaruzwa na mpira, inavuja kwa wingi kwenye damu. Ndiyo maana huwa tunataka wiki kama sita zipite kabla ya kupima tena. Kwenu zimepita sita na zaidi. Namba ingeshuka hata kama angekunywa uji mtupu. Ongeza kwamba mmebadilisha maabara, na mashine mbili tofauti zinaweza kutoa namba mbili kwa damu ileile.

Na kushuka hakujafika popote pa kutuliza moyo. Kwa miaka mingi mstari uliotumika ni 4. Kwa takwimu za Marekani zinazonukuliwa sana, wanaume wenye PSA kati ya 4 na 10 karibu mmoja kati ya wanne hukutwa na saratani. Ikivuka 10, ni zaidi ya nusu. Baba ana 16.8 baada ya mpira kutoka, pamoja na upande mgumu ambao daktari aliugusa kwa kidole chake. Tezi inayokua kwa uzee tu huwa laini, ya kunepa. Ule ugumu ndio unaoninyima usingizi kwa niaba yako kuliko namba zote mbili.

Unga wenyewe usimame leo. Nina sababu. Marekani iliwahi kuuzwa dawa ya mitishamba ya tezi dume iliyoitwa PC-SPES, na kweli PSA za watu zilishuka, watu wakashangilia. Mwaka 2002 iliondolewa sokoni baada ya vipimo kuonyesha kwamba ndani mlikuwa na dawa za kiwandani ambazo hazikutajwa, mojawapo homoni ya kike ya kutengenezwa, nyingine dawa ya kuzuia damu kuganda. Sijui kopo la dada yako lina nini, na ndiyo hatari yenyewe: kama lina kitu kinachozuia damu kuganda, baba anaweza kutokwa damu nyingi siku ya kinyama. Kopo na vidonge vyote, pamoja na tamsulosini na aspirini kama anaimeza, vitieni kwenye mfuko mmoja mkavimwage mezani kwa daktari. Waulizeni pia kama kuna aliyempa finasteridi, dawa ya kupunguza ukubwa wa tezi, kwa sababu hiyo hushusha PSA karibu nusu kwa mtu aliyeitumia miezi kadhaa, saratani ikiwepo au isiwepo.

Marehemu kaka yangu alikaa na karatasi ya PSA ndani ya Biblia yake miezi 14. Ilikuwa imekunjwa mara nne, kwenye Zaburi. Alipimwa, ikaja juu, akapumzika, akapima tena mahali pengine, ikashuka kidogo, akamshukuru Mungu akaifunga Biblia. Mimi dada yake, mtu wa maabara, sikujua. Alipokuja kwangu alikuja kwa ajili ya mgongo. Nikimwona mtu anasherehekea namba iliyoshuka bila kuuliza imeshuka kutoka wapi, huwa namkumbuka yeye, na nitaandika hivi mpaka kalamu iishe wino.

Kuhusu sukari, mrudishieni baba chai yake, mradi hana kisukari. Ni kweli saratani nyingi zinabugia glukosi. Otto Warburg aliliona hilo miaka ya 1920, na kuna picha za hospitali zinazotafuta saratani kwa sukari yenye mionzi. Ila tezi dume, hasa ugonjwa ukiwa mchanga, ni mojawapo ya zile ambazo picha hiyo ya sukari mara nyingi haizioni, kwa kuwa haziili sukari kwa pupa hiyo. Ndiyo maana kwa tezi dume wakatafuta njia nyingine: kolini yenye mionzi, na baadaye kitu kinachong'ang'ania protini iitwayo PSMA juu ya ganda la seli. Mzee wa miaka 71 aliyekonda kwa kunyimwa chai tamu hajatibiwa.

Kinyama sasa. Baba anaogopa na ana haki ya kuogopa, basi aambiwe kinavyokuwa. Kwa kawaida analala ubavu, anapewa ganzi na dawa ya kuzuia maambukizi, kifaa cha altrasaundi kinapitia njia ya haja kubwa, na sindano nyembamba inachukua vipande kama 12, kila kimoja chembamba kama uzi. Si kisu. Anaweza kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mkojo unaweza kuwa na damu siku chache, na shahawa wiki kadhaa. Akipata homa au kutetemeka, arudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, kwa maana hiyo ndiyo hatari halisi ya kazi hii. Kutawanyika kwa saratani kwa njia ya sindano ya tezi dume ni jambo la nadra mno. Rafiki yake wa kiwandani, Mungu amrehemu, nadhani alifika na ugonjwa uliokwisha kusambaa, sindano ikaja mwisho ikabeba lawama ya yote yaliyoitangulia. Moshi mna bahati ya kuwa na hospitali ya KCMC karibu, yenye wataalamu wa njia ya mkojo na kituo cha saratani. Wengine wanalala njiani kuifuata.

Umeniuliza kama umwache. Neno hilo lina sura mbili. Uingereza walifuatilia wanaume 1,643 waliokutwa na saratani ambayo bado iko ndani ya tezi, wengine wakapasuliwa, wengine wakapigwa mionzi, wengine wakaangaliwa tu kwa vipimo. Matokeo ya miaka 15, yaliyotoka 2023, yalionyesha kwamba waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa karibu 3 katika kila 100, na makundi yote matatu hayakupishana sana. Kwa hiyo walionena kwamba inakwenda polepole wana ukweli wao. Lakini wanaume wale walijulikana kwanza. Walitolewa vinyama, daraja la ugonjwa likaandikwa, na wengi walikuwa na PSA ndogo sana kuliko ya baba yako. Kuangaliwa ni matibabu ya mtu ambaye daktari anajua anaangalia nini. Baba kubaki Uru akiamka mara tano usiku, na upande wa tezi mgumu usiojulikana ni kitu gani, huko ni kuachwa.

Ikitokea ni saratani, hapo ndipo vipimo vya damu mnavyovitaka vitakapofanya kazi yake vizuri, kwa sababu damu ni hodari kufuatilia kuliko kutambua. PSA ya kila miezi michache, maabara ileile, itawaambia dawa inashika au imeachia. Kimeng'enya cha damu kiitwacho fosfatesi ya alkalini kikipanda kinaweza kuashiria kwamba mifupa imeguswa. Akipewa sindano za kuzima homoni ya kiume, au akiondolewa korodani, testosteroni, yaani homoni hiyo, inatakiwa ishuke chini ya nanogramu 50 kwa desilita ya damu; msingi wa tiba hiyo ni kazi ya Charles Huggins ya mwaka 1941, aliyefuatilia wagonjwa wake kwa vimeng'enya viwili tu vya damu. Na tiba hiyo inabadilisha umetaboli wa mtu mzima: tumbo linaongezeka, sukari na mafuta ya damu vinapanda, mifupa inapungua. Kwa hiyo sukari, kolesteroli na presha vipimwe tangu mwanzo, mkijua mlikoanzia. Na wakati wowote, leo au baadaye, akipata maumivu mapya ya mgongo na miguu ikakosa nguvu au kufa ganzi, au mkojo ukaziba tena, msingoje kukuche.

Wewe na mdogo wako nanyi, majibu ya baba yakithibitisha, hatari yenu ni karibu mara mbili ya mwanaume ambaye baba yake hakuugua. Ukifika miaka 40 na kitu zungumza na daktari wako.

Nimebakiza lile lililokufanya uandike, ingawa umeliweka karibu na mwisho. Ulimwambia baba yako afe, mbele ya mke wake na mkwe. Hakuna daktari atakayempeleka hospitali mzee aliyetukanwa hivyo na kifunguamimba wake. Panda Uru Jumamosi, usipige simu. Kata jani la sale, ambalo Wachaga huombea msamaha, ulikunje fundo kama ulivyoona wazee wakifanya, na mchukue baba yako mdogo au mzee mwingine wa ukoo ambaye baba anamsikiliza akutangulie kuongea. Siku hiyo usitaje PSA wala kinyama. Omba msamaha, kaa, mkamulie ng'ombe jioni kama bado unaweza. Akilipokea sale, lala hukohuko, na usiku ukimsikia anafungua mlango wa nyuma, inuka umfuate kwenye migomba. Msimame wote gizani. Hapo mwambie ulimsikia Desemba, ukanyamaza, na kwamba umeogopa tangu siku ile. Mwanaume wa Kichaga mwenye miaka 71 atasikia woga wa mwanawe kabla ya kusikia takwimu zangu.

Kisha nunua daftari la kaunta, lenye jalada gumu, likae kwa mama si kwako. Ukurasa wa kwanza andika tarehe ya Januari, PSA 23.4, na pembeni yake: kesho yake baada ya mpira. Mstari wa pili, 16.8, maabara nyingine, alikuwa anakunywa unga. Mstari wa tatu uachie kreatinini. Ukishaujaza, niandikie.